Rangi ya Kuonekana: Maneno Yangu kwa Ndugu Zangu Kabla ya Novemba

(Haya niliyasema jioni moja ya Oktoba, kwenye ukumbi wa kanisa hapa Lewiston, jimbo la Maine. Nimeyaandika kwa ajili ya walioniomba na kwa wale waliokuwa kazini zamu ya usiku.)

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, akina baba, vijana, hamjambo. Nawashukuru kwa kuja na kuacha shughuli zenu. Kuna wa Uvira hapa, kuna wa Fizi na Bukavu, kuna Warundi, Wanyarwanda, na nawaona ndugu zetu Wabantu wa Somalia kutoka mashambani. Wengi tumepitia kambi za wakimbizi: Nyarugusu kule Tanzania, wengine Kakuma kule Kenya. Kwa hiyo nikianza kuzungumzia mtu mwenye bunduki porini, najua kila mmoja ana picha yake kichwani, na si picha ya mchezo.

Msimu wa kuwinda ayala, yule mnyama wa huku anayefanana na paa, unakaribia, na nimekuja kuwaomba mvae rangi ya chungwa mkienda msituni. Nianze na Novemba yangu ya kwanza hapa.

Nilikuwa na miezi minne tu Maine. Nilipata kazi ya kuvunja ncha za matawi ya misonobari, zile zinazosukwa kuwa mashada ya Krismasi. Baadhi yenu mmeifanya. Kazi hiyo haianzi mpaka baridi ipige barabara, kwa sababu tawi likivunjwa kabla ya barafu, majani yake yanapukutika mapema. Kwa hiyo inaangukia Novemba. Tulikuwa wanawake watano. Aliyetupeleka alitushusha kwenye gari alfajiri, akatuonyesha msitu, akasema atarudi saa tisa. Hakutuambia neno lingine lolote. Nilivaa koti la kahawia la mtumba na kofia nyeupe ya kufuma niliyopewa na mama mmoja hapahapa. Nililipenda koti lile kwa kuwa lilikuwa zito. Sikujua kwamba nilikuwa nimevaa rangi ya mnyama anayewindwa, na kichwani nimeweka rangi ya mkia wake.

Kati ya saa nne na saa tano nikasikia mluzi. Nikainuka na fungu la matawi begani. Mzee mmoja alikuwa amesimama mbali kidogo, kofia na kizibao chake vikiwaka rangi ya chungwa kati ya miti, na bunduki mkononi. Mwili wangu ukafa ganzi. Ninyi mnaelewa. Mwanamke aliyekulia Nyarugusu, aliyezoea kwenda kutafuta kuni nje ya kambi huku akihesabu wenzake kila baada ya hatua chache, akiona mwanaume na bunduki msituni hafikirii nyama ya kitoweo.

Yule mzee alielekeza mtutu chini. Akafungua bunduki, akatoa risasi moja moja, akaziweka mfukoni taratibu ili nione. Ndipo akasogea. Alionyesha kofia yake, halafu akaonyesha vichwa vyetu vitano, mmoja baada ya mwingine, akitikisa kichwa. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kuliko yangu. Akatoa mfukoni gurudumu la utepe wa plastiki wa rangi hiyohiyo, ule wanaofungia miti kuweka alama ya njia, akaukata vipande kwa kisu, akatufunga sote: kwenye mkono, begani, na kuzunguka kofia. Kisha akatusindikiza hadi barabarani, akakaa nasi mpaka gari lilipokuja. Alipoongea na yule aliyetupeleka, sikuelewa maneno, lakini sauti niliielewa.

Miaka ilipita kabla sijaelewa kwa nini mikono ile ilitetemeka. Alikuwa ameona kitu cha kahawia na cheupe kikisogea. Alikuwa na nafasi ya kukosea, akachagua kupiga mluzi.

Sasa niwaeleze sheria, maana wengi mmeniuliza na majibu ya mitaani yanachanganya.

Msimu wa kuwinda ayala kwa bunduki hapa Maine unaanza mwanzoni mwa Novemba, miaka mingine siku za mwisho za Oktoba, na unakwenda mpaka Jumamosi inayofuata Sikukuu ya Shukrani, ile Alhamisi ya bata mzinga. Siku ya kwanza kabisa ni Jumamosi, ya wakazi wa Maine peke yao. Baada ya hapo inakuja wiki moja, au mbili kutegemea sehemu, ya wale wanaowinda kwa gobore. Ndiyo, gobore, lile la kushindilia baruti kwa mdomo, lingalipo na lina msimu wake Desemba. Jumapili hakuna kuwinda katika jimbo hili, mnyama wa aina yoyote. Siku nyingine, saa halali zinaanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza na kuisha nusu saa baada ya jua kuzama.

Hapo kwenye kuzama kwa jua nataka mnisikilize vizuri. Kwetu jua linazama saa kumi na mbili, mwezi wowote, mwaka wowote. Huhitaji hata kuangalia saa. Hapa Novemba wanarudisha saa nyuma, na ghafla jua linazama kwenye saa kumi na dakika ishirini. Kwa hiyo kufika karibu saa kumi na moja, wakati mtoto anatembea kutoka kituo cha basi la shule na baba anakata njia ya mkato kwenda zamu ya jioni, mwindaji bado yuko msituni kihalali, mwanga umebaki kidogo, na ndiyo saa ambayo ayala anatoka kula. Naye mwindaji amekaa tangu asubuhi kwenye baridi, anatamani mnyama atokee. Mtu anayetamani sana kitu huanza kukiona hata pasipokuwepo. Hiyo ndiyo saa ninayoiogopa kuliko zote.

Mwindaji wa bunduki analazimika kisheria kuvaa vitu viwili vya rangi ya chungwa inayowaka: kofia, na vazi la kifuani linaloonekana kutoka kila upande. Sheria inamfunga yeye. Wewe unayetembea, unayeokota uyoga, unayevunja matawi, haikulazimishi chochote. Hakuna polisi atakayekusimamisha kwa kuvaa kahawia. Wengine wanasikia hilo wanasema, basi, si lazima. Naomba tusiishie hapo.

Siyo kila jimbo liko hivyo. Kule Rhode Island, kuanzia Septemba hadi mwisho wa Februari, kila anayeingia kwenye ardhi ya jimbo ya wanyamapori anatakiwa kuvaa rangi hii, awe mwindaji, awe mpanda baiskeli, awe bibi anayetembeza mbwa. Zikifika siku za kuwinda ayala kwa bunduki, kipimo kinapanda hadi inchi 500 za mraba, yaani kofia na kizibao pamoja. Pennsylvania nao, kati ya Novemba 15 na Desemba 15, wanamtaka hata asiyewinda avae akiwa kwenye ardhi ya jimbo iliyotengwa kwa uwindaji. Mwenye ndugu huko, amwambie.

Kwa nini rangi hii na si nyingine? Zamani wawindaji wa Marekani walivaa nyekundu, zile shati nzito za mirabamiraba. Nyekundu inaonekana vizuri mchana, lakini jua likielekea kuzama macho yetu yanaiona kama nyeusi. Karibu na mwaka 1960, kule Massachusetts, walifanya majaribio na wanajeshi kwenye kambi ya Fort Devens kujua jicho linashika rangi gani haraka zaidi porini. Chungwa hili kali lilishinda. Kitambaa chake kinameza ule mwanga tusiouona, wa upande wa zambarau, na kuurudisha kama chungwa. Ndiyo maana kinawaka hata siku ya mawingu, kama kina taa ndani. Hakuna jani, hakuna ganda la mti, hakuna mnyama wa Novemba mwenye rangi hiyo. Naye ayala hasumbuki nayo, kwa sababu macho yake hayatofautishi chungwa na nyekundu kama yetu; kwake ni rangi iliyofifia tu. Mwindaji hapotezi kitoweo, na mtu hapotezi uhai.

Na tafadhali, ile reflekta ya njano mnayovaa kiwandani au barabarani si kitu kilekile. Ile mistari yake ya fedha inafanya kazi gari likiimulika kwa taa. Msituni hakuna taa ya gari. Na kizibao cha chungwa kilichopauka kwa kufuliwa miaka mitano, kiacheni kiwe tambara la jikoni.

Sasa nije kwenye jambo zito. Mwaka 1988, Novemba 15, katika mji wa Hermon karibu na Bangor, mama mmoja kijana alitoka nje ya nyumba yake. Nyuma ya nyumba yake, si msitu wa mbali. Alikuwa na watoto mapacha wachanga ndani. Yeye na familia yake hawakuwa wamekaa Maine hata mwaka. Walikuwa wageni kama sisi, ingawa walitoka jimbo lingine la nchi hiihii. Mikononi alivaa glovu nyeupe. Mwindaji akaona cheupe kikisogea, akadhani ni mkia wa ayala. Akafyatua. Mama yule akafia kwenye ua wake.

Kilichonichoma niliposoma habari hiyo ni yaliyofuata. Watu wengi wa jimbo hili, kwa barua za magazetini na kwa midomo, walimlaumu marehemu. Kwa nini alivaa nyeupe Novemba? Kwa nini hakuvaa chungwa? Kesi ilipofika mahakamani, mwaka 1990, mwindaji alionekana hana hatia.

Ndugu zangu, nimekuja kuwaomba mvae chungwa, na nasimama hapa mbele yenu kusema kwa sauti ileile kwamba mama yule hakuwa na kosa. Mwenye bunduki ndiye mwenye wajibu. Risasi ni yake tangu inapotoka mfukoni mpaka inapotua. Anayetembea kwenye ua wake hana deni kwa mtu. Mkimsikia yeyote, awe mwenyeji, awe wa kwetu, anaanza na "alikuwa amevaa nini?", mkateni kauli. Hiyo sauti akina mama tunaifahamu, tumeisikia kwa mambo mengine pia.

Na kifo kile hakikupita bure. Mwaka 1991 bunge la Maine lilipitisha sheria inayomtaka mwindaji amtambue mnyama kwa hakika kabla ya kufyatua. Haruhusiwi kufuata sauti peke yake, wala rangi peke yake, wala kitu kinachotikisika. Anatakiwa aone kichwa na kiwiliwili bila kizuizi. Oktoba 2017, kule Hebron, si mbali na hapa tulipo, mwanamke mwingine aliuawa siku ya kwanza ya msimu akichimba mawe kwenye ardhi yake mwenyewe. Safari hii mwindaji alikiri kosa la kuua bila kukusudia, akaenda jela. Ona tofauti kati ya kesi hizo mbili. Sheria ilibadilika, na ilibadilika kwa sababu watu walikasirika na hawakunyamaza.

Lakini yule wa Hebron naye hakurudi. Ndiyo maana navaa chungwa. Sheria inamfuata mwenye kosa baada ya tukio. Kizibao kinafika mapema. Sikivai kwa sababu nina hatia. Nakivaa kama ninavyofunga mlango usiku, na mwizi anabaki kuwa mwizi hata mlango ukiwa wazi.

Mnauliza msimamo wangu kuhusu kulazimisha kila mtu. Nautoa. Kwenye ardhi ya jimbo, ningependa Maine ifuate Rhode Island: kila anayeingia avae, na kwenye lango kuwe na vizibao vya kuazima. Kwenye ua wa mtu, hapana. Siku sheria ikimwambia mama avae chungwa kwenda kuanika nguo nyumbani kwake, mzigo utakuwa umehamishwa kutoka begani mwa mwenye bunduki. Na kwa waajiri wanaopeleka watu msituni au mashambani Novemba, nataka iwe lazima kabisa: hakuna kizibao, hakuna kazi, na bei ailipe mwajiri. Mimi na wenzangu wanne tuliachwa pale kwa sababu hatukujua Kiingereza cha kuuliza.

Kuna mambo yetu ambayo hayako kwenye vipeperushi vyao, hebu tuyaseme wenyewe.

La kwanza, leso. Nyeupe, hapana. Leso mfukoni, kitambaa cha kichwa, hijabu, skafu, glovu, soksi zinazotokeza juu ya buti: Novemba tuziweke kabatini kama tunakwenda kwenye miti. Ayala wa huku anapokimbia huinua mkia, na upande wa chini ni mweupe kama karatasi. Hicho ndicho mwindaji anachosubiri kukiona.

La pili, kuni. Najua wapo mama zetu ambao hawajaacha kuokota kuni, na sioni ubaya, moto wa kuni ni moto wa kuni. Lakini fikiria mtu amebeba mzigo wa matawi makavu kichwani, yamechomoza huku na huku, anapita nyuma ya vichaka vinavyoficha mwili wake. Mwenye kuangalia kutoka mbali anaona pembe zinatembea. Novemba, kuni zibebeni kwa mikono au kwa toroli, na mfunge utepe wa chungwa kwenye mzigo.

La tatu, ardhi. Hapa Maine, ardhi ya mtu binafsi isiyowekwa kibao, desturi na sheria zinamruhusu mwindaji kuingia. Usione ajabu ukimkuta nyuma ya shamba mnalokodi, si mvamizi. Ukiona mstari wa rangi ya zambarau umepakwa wima kwenye shina la mti, maana yake ni kwamba haingii mtu bila ruhusa ya mwenye ardhi, na hiyo inakuhusu wewe pia na uyoga wako. Tena, haruhusiwi kufyatua ndani ya yadi 100 za nyumba ya watu bila ruhusa yao, kama urefu wa kiwanja cha mpira. Akifanya hivyo, piga simu kwa askari wa wanyamapori. Una haki hiyo hata kama kesi yako ya hifadhi bado haijaamuliwa.

La nne ni watoto, na si mavazi yao tu. Novemba mtasikia milio alfajiri. Mji huu wenyewe una tarehe yake, Oktoba 25, 2023, siku mtu mwenye bunduki alipofyatulia watu risasi hapa, na watu 18 hatukuwaona tena. Ukichanganya na tulikotoka, mlio mmoja unatosha kumtoa mtoto kitandani na kumfanya alale chini ya meza. Nimeyaona kwangu. Wa kwangu wa kati aliacha kula siku mbili. Kwa hiyo waambieni mapema, usiku kabla ya msimu kuanza, kwa utulivu: kesho utasikia bunduki, ni watu wanatafuta nyama, wako mbali, mama anajua. Mwonyeshe kalenda siku inapoanza na siku inapoisha. Mwambie Jumapili ni kimya. Mtoto akijua kitu kina mwisho anakivumilia. Na mtu mzima pia, maana wapo humu ambao mlio ule unawarudisha mahali wasipopataja. Njooni tuongee, mlango wangu mnaujua.

Jumapili, basi, ndiyo siku ya kwenda msituni na familia. Miti imepukutisha, unaona mto kutoka mbali, hewa ni safi. Mimi bado navaa chungwa hata Jumapili, kwa sababu anayevunja sheria haangalii kalenda.

Ukimwona mwindaji, usijifiche. Najua mwili utataka kujificha, wangu ulitaka. Ukijificha unakuwa kitu kinachotikisika kichakani. Simama, ongea kwa sauti ya kawaida, Kiswahili kinatosha, hakuna ayala anayeongea Kiswahili. Usipunge mikono, usikimbie. Mwache akuone kichwa na kiwiliwili, kama sheria inavyomtaka aone.

Kwenye yale maboksi matatu pale ukutani kuna vizibao na kofia. Tumechanga wenyewe, na wawindaji wawili wenyeji wametuongezea. Wamekaa pale nyuma, wasimame tuwaone. Asanteni, wazee. Watoto wapewe kwanza, wanaosubiri basi kwenye barabara za nje ya mji wawe mbele. Kila anayefanya kazi ya matawi achukue viwili, kimoja abaki nacho kwenye gari kwa ajili ya mwenzake aliyesahau. Utepe wa plastiki uko kwenye mfuko mweusi, kateni urefu wa mkono.

Na akina mama wenye watoto mgongoni, ninyi njooni kwangu. Nimejaribu nyumbani jana: ukifunga kitenge, kizibao chote cha nyuma kinafichika, na anayekuja nyuma yako anaona kitenge cha kahawia tu, na mtoto ndiye aliye upande huo. Nimeshona kipande kimoja cha kitambaa cha chungwa cha kufunga juu ya kitenge, lakini kinateleza mtoto akijitikisa. Aliye na mtoto mgongoni sasa hivi aje hapa mbele tumpimie, na aliyekuja na sindano asiondoke.